Ngoma Isiyomngoja Mwenziwe

Ndugu wasomaji, leo nawaletea habari ya siku moja tu, nayo ni siku ya mashindano ya ngoma za shule mjini Singida. Pengine baadhi yenu mlikuwako, mkawaona watoto wakipiga na kuandamana safu kwa safu. Lakini habari yangu hamkuiona, kwa kuwa ilipita chini ya mti, mbali na uwanja, na waliokuwako walikuwa watu watatu tu.

Kwanza yafaa nizieleze ngoma zenyewe. Katika shule zetu za msingi watoto hujipanga asubuhi, kisha huingia madarasani kwa kuifuata ngoma. Ngoma kubwa hushika mapigo, ngoma ndogo huyajaza, na filimbi huimba juu yake. Mimi nalianza kupiga ngoma ndogo nilipokuwa darasa la nne, katika kijiji kimoja kilicho leo katika wilaya ya Mkalama, nayo siku zile ilikuwa bado sehemu ya Iramba, hata ilipotengwa mwaka 2012.

Mwalimu aliyetufundisha alikuwa mzee mwenye kupenda habari za kale. Alituambia ya kuwa mashindano ya namna hii hayakuanza jana. Watu wa pwani, huko Lamu na Mombasa, walianza kucheza beni katika miaka ya 1890, wakiiga bendi na kwata za Wazungu. Wakajigawa vyama, wakashindana kwa mavazi, kwa mwendo na kwa ngoma. Kisha katika vita vya 1914 hata 1918 askari na wapagazi waliichukua beni mpaka bara, na majina ya vyama vyake, Marini na Arinoti, yakajulikana mbali na bahari. Tena alituonyesha jirani zetu Wagogo, ambao wanawake wao hupiga muheme, ngoma wanazozibana mapajani, wakapatana mikono yao kama watu wenye moyo mmoja. Mwisho wa maneno yake ulikuwa ule ule kila siku: “Sikio kwanza, mkono baadaye.”

Twalikuwa watatu tuliopendana sana. Mmoja alipiga ngoma kubwa, mmoja alipuliza filimbi, nami ngoma ndogo. Kosa langu lilikuwa moja: mkono wangu ulikuwa mwepesi, ukakimbia. Watu walipotazama, nami nikaona ya kuwa natazamwa, mikwiro yangu ilikwenda mbio kama mbuzi waliofunguliwa. Wa ngoma kubwa hakunifuata hata mara moja. Alinitazama, akapiga pigo lake mahali pake, kwa nguvu zaidi, akaningoja mpaka nikarudi. Ndivyo alivyoniokoa mara nyingi nisiaibike.

Mwaka 2002 twalimaliza darasa la saba. Majina yalipotoka, mimi na wa filimbi twalichaguliwa kwenda sekondari, kila mtu na shule yake. Wa ngoma kubwa hakuchaguliwa. Siku ya safari yangu ya kwenda shule ya misheni alilifunga sanduku langu la bati juu ya baiskeli ya baba yake, tukaenda kwa miguu mpaka Iguguno penye barabara kuu, yeye akisukuma, nami nikishika nyuma. Gari la abiria lilipofika, alilipandisha sanduku kwa mikono yake mwenyewe, akasema, “Nitakuandikia, nawe niandikie.” Nikamwahidi.

Barua yake ya kwanza ilifika kabla mwezi haujaisha. Ilikuwa na habari za mvua, na za ng'ombe, na za ngoma kubwa, kwamba ngozi yake imepasuka naye ameiwamba upya. Herufi zake zilikuwa kubwa tena zimepinda, na maneno mengine aliyaandika kama yanavyotamkwa kwetu nyumbani, maana Kiswahili si lugha tuliyonyonya kwa mama. Mwanafunzi mmoja akaninyang'anya barua ile, akaisoma kwa sauti bwenini, na wote wakacheka. Nami nalicheka pamoja nao. Ya pili ilipokuja naliificha chini ya godoro, wala sikuijibu. Ya tatu haikuja.

Sasa nimekuwa mwalimu miaka kumi na mitatu. Nimewafundisha watoto wengi namna ya kuandika barua: anwani mahali pake, na tarehe, na salamu, na mwisho wenye adabu. Lakini barua moja niliyopaswa kuiandika sikuiandika.

Basi, mwezi wa Mei nalikwenda Singida na watoto ishirini na wanne wa bendi yetu, ndani ya lori. Twalifika usiku, tukalala katika madarasa ya shule moja iliyo karibu na ziwa. Kwa uchovu nalisahau ngoma ndani ya lori pasipo kuzifunika, zikapata umande usiku kucha. Asubuhi mtoto alipoipiga ngoma kubwa, sauti ilitoka nzito na kulegea. Nikasimama sijui la kufanya, kwa kuwa saa zilikuwa chache. Ndipo akaja mtu mwenye koti kuukuu, akasema, “Bwana Mwalimu, ngoma yenu imelala. Mkiipiga hivi itasema kama gunia.”

Akaomba mabua ya mtama, akawasha moto mdogo, akaizungusha ngoma mbali kidogo na moto, maana ngozi ya mbuzi ikipata moto mkali hukauka kupita kiasi, kisha hupasuka. Kila mara aliinama, akaigonga kwa kidole kimoja karibu na ukingo, akatega sikio. Katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu akifanya hivyo. Nikaita jina lake. Hakuinua kichwa. Alisema, “Mimi nalikujua tangu ulipokuwa ukishuka katika lori. Maliza kazi ya watoto kwanza. Maneno yetu yatangoja.”

Nikamwuliza amekuja na nani. Akanionyesha msichana mwembamba aliyevaa sare ya shule nyingine, naye amebeba ngoma kubwa kifuani. “Yule ni binti yangu.” Nikasema, “Nawe watengeneza ngoma ya washindani wake?” Akacheka, akasema, “Nataka aishinde ngoma, si gunia.”

Tulipoingia uwanjani naliwaona waamuzi watatu mezani. Wa katikati alikuwa rafiki yetu wa filimbi, ambaye baada ya masomo aliingia jeshini, akapiga miaka mingi katika bendi. Alinitambua, akainamisha kichwa kidogo, wala hakutabasamu. Wasomaji, nikiri ukweli. Moyo wangu ulifurahi, lakini haikuwa furaha njema. Nalisema moyoni, “Leo tumepata mtu wetu.”

Watoto wangu walianza vizuri. Ngoma kubwa ililia safi, na safu zilinyooka. Lakini walipogeuka mbele ya wageni, watu wakapiga makofi, na ngoma ndogo zikaanza kukimbia. Ya kubwa ikajaribu kuzifuata, na miguu ya watoto ikachanganyika. Nikauona mkono wangu mwenyewe katika mikono yao, maana ni mimi niliyewafundisha.

Kati ya shule saba tukawa wa tatu. Shule ya yule msichana ikawa ya kwanza. Mwamuzi wa katikati ndiye aliyesoma maneno ya hukumu mbele ya watu wote. Alipofika kwetu alisema, “Ngoma kubwa ni safi. Ngoma ndogo zinakimbia, hazimngoji mwenzao. Mwendo ulianza hatua 120 kwa dakika, kama ipasavyo katika kwata, ukaisha zaidi ya 130.” Nikaona uso wangu wawaka. Nalitaka kuwapakia watoto na kuondoka pasipo kumwaga mtu.

Naye akanifuata kwenye lori. “Ndugu yangu, umenikasirikia?”

“Ndiyo,” nikasema.

“Kama ningekupa maksi zisizo zako, watoto wako wangerudi nyumbani na kikombe, na kosa lao pia. Nani angewaambia tena?”

Sikuwa na jibu. Akanishika mkono, tukaenda chini ya mgunga alikokuwa ameketi yule wa ngoma kubwa na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Tukala. Tukaulizana habari za wazazi, nani yu hai na nani ametangulia. Tukamkumbuka mwalimu wetu mzee, ambaye amekwisha kufa. Tukacheka sana. Hata hivyo nalijua kuna neno lililosalia, nalo ni langu.

Basi nikalisema. Nikamwambia habari ya barua: jinsi ilivyosomwa bwenini, na jinsi nilivyocheka, na jinsi nilivyoificha ya pili. Akanyamaza kitambo. Nalifikiri atasema, “Si kitu, ni mambo ya utoto.” Hakusema hivyo.

Alisema, “Nalikungoja. Barua za kijiji zilikuja kwa sanduku la shule, basi kila juma nalikwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza. Watoto wadogo walikuwa darasani, nami nasimama mlangoni na fimbo ya ng'ombe. Baada ya mwaka nikaona haya kuuliza tena. Haya ile iliniuma kuliko kutochaguliwa.” Kisha akasema, “Gazeti hili unaloliandikia huletwa kanisani kwetu. Naliona jina lako, nikajua u mzima. Husoma kila mwezi. Wawaandikia watu usiowajua, na hakuna hata mmoja wao aliyekubebea sanduku.”

Wa filimbi akatazama chini. Nami nikaomba radhi kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa kujitetea. Akanipa mkono, akasema, “Nimekusamehe. Lakini samahani haifuti deni. Namba ya simu chukua, na simu nitakupigia mimi. Barua ni wewe.”

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimewaza sana. Zamani nalidhani kukimbia ni kosa la mkono. Sasa naona mkono hukimbia kwa sababu sikio limeacha kumsikiliza mwenzi, likasikiliza makofi. Kule bwenini kicheko cha wenzangu kilikuwa makofi yangu, nikakimbia, nikamwacha nyuma aliyekuwa akinishikia mapigo. Naye hakubadili pigo lake. Miaka yote hiyo alikuwa palepale, akiwamba ngoma za shule za vijiji na kumfundisha binti yake kupiga mahali pake. Kama mmoja wenu anayo barua isiyojibiwa, asingoje mashindano. Mimi nalipewa siku hiyo bila kuitafuta, na wengine huenda wasiipate.

Usiku ule ule niliporudi nyumbani naliwasha taa, nikaandika kurasa mbili. Si kazi nyepesi kumwandikia mtu mmoja anayekujua. Naliona ni vigumu kuliko kuandika ukurasa huu.

Jibu lilikuja juma lililopita. Herufi ni kubwa kama zamani, tena zimepinda. Ameandika ya kuwa mvua imekwisha, na mtama umekomaa, na ya kuwa mwezi ujao atakuja shuleni kwetu siku mbili, kuwafundisha wapiga ngoma ndogo kuisikiliza ngoma kubwa. Malipo yake, asema, ni ngozi mbili za mbuzi, tena zisiwe na tundu. Nimekwisha kuzitafuta.