Kushuka Uvira na Namba za Fibonacci

Nimefundisha hisabati Bukavu miaka mingi, lakini Uvira nilikuwa naisikia tu. Oktoba 2022 mpwa wangu anayekaa Mulongwe alinipigia simu: "Mjomba, shuka uone namba zako zinavyoleta pesa." Yeye hununua na kuuza sarafu na dhahabu kwa njia ya simu, na vijana wenzake humwendea awafundishe.

Gari lilishuka Ngomo taratibu, na Kamanyola joto likatupokea. Toka hapo ni bonde la Ruzizi: Luvungi, Sange, kisha miwa ya Kiliba, milima ikiwa kuliani. Halafu ziwa likatokea. Vitabuni nilisoma kwamba Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi. Sikujua kwamba milima inalisogelea hadi kuubana mji mzima ufukweni. Nilimwomba dereva asimame kidogo, nitazame.

Jioni mpwa wangu alinionyesha chati ya dhahabu. Bei ikipanda halafu ikaanza kurudi, alisema, hutua kwenye asilimia 38.2 au 61.8 ya ule mwendo wa kupanda. Namba hizo nazijua. Gawa 34 kwa 55, utapata karibu 0.618, gawa 21 kwa 55, karibu 0.382. Leonardo wa Pisa, ndiye Fibonacci, aliandika mfuatano wake mwaka 1202 katika hesabu ya sungura wanaozaliana. Tarakimu tunazotumia leo alijifunza Bugia, Algeria ya sasa, ambako baba yake aliwahudumia wafanyabiashara wa Pisa forodhani. Kitabu chake kimejaa bei, ubadilishaji wa sarafu na mgawo wa faida. Lakini hakudai kwamba bei huenda kwa hesabu ya sungura. Wazo hilo lilipata nguvu kwa mhasibu wa Marekani, Ralph Nelson Elliott, miaka ya 1930 na 1940.

"Mbona umeanzia bonde hili la chati, si lile la wiki iliyopita?" nikamuuliza. Akahamisha mwanzo. Mistari yote ikahama, na bado mmoja uligusa mahali bei ilipogeukia. Usiku nililiwaza jambo hilo. Anayechora ndiye anayechagua mwanzo na mwisho, na mistari ikiwa mingi, haikosi mmoja wa kuguswa. Nakubali kwamba wengi wakiweka maagizo yao kwenye mstari uleule, bei inaweza kusita pale. Lakini hapo kinachoisimamisha ni watu.

Asubuhi tulikwenda ufukweni kwa mama mmoja anayenunua ndagala kwa jumla na kuandika bei daftarini. Tukazichora. Tuseme bei ya kipimo kimoja imepanda kutoka faranga 20,000 hadi 50,000: ikirudi asilimia 61.8, itafika 31,460. Kwa bei zake tulikokotoa vivyo hivyo, na kweli, anguko moja lilikomea karibu na mstari. Mpwa wangu akafurahi sana. Mama akatazama tarehe.

"Mwanangu, mwezi ulipokuwa mpevu vijana hawakwenda ziwani, samaki hawaifuati taa kukiwa na mwanga. Ndiyo maana bei ilipanda. Kisha mwezi ukaanza kuchelewa kutoka, wakarudi kuvua, bei ikashuka. Siku hii unayoonyesha upepo ulichafuka. Bei haikushuka tena."

Nilimheshimu mno mama yule. Nikawakumbuka wavumbuzi Burton na Speke, waliofika Uvira mwaka 1858 wakitamani mto Ruzizi utoke ziwani uende kaskazini hadi Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba mto unaingia. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja wakaona kwa macho: unaingia.

Kabla ya kupanda gari la Bukavu nilimpa mpwa wangu kazi. Kila anapochora mstari, aandike tarehe na bei anayoitarajia kabla haijafika. Kando yake achore mistari ya asilimia nilizookota tu, 45 na 57, ahesabu ipi inaguswa zaidi. Na kwa ndagala, aandike hali ya mwezi na upepo mbele ya kila bei.

"Na dhahabu, Mjomba? Nayo niandike mwezi?"

Nikamwambia aandike habari iliyotoka siku ile, na saa iliyotoka.