Fimbo Peke Yake Haifundishi

Milima yetu ya Uluguru imenifunza jambo la malezi. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Mwaka 1955 wananchi wakafanya ghasia. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliwaeleza wakulima wa Kibungo Juu faida ya matuta hayo, na baadaye DAWASCO na Coca-Cola, watumiaji wa maji ya mto Ruvu, wakawalipa. Wakachimba bila kushurutishwa.

Mwanangu akichezea maji ya udhu, humweleza kwanza: Mtume (s.a.w.) alikataza israfu hata kando ya mto. Mama yake anasema siku hizi hufunga bomba hata nisipokuwapo.

Allah atuwafikishe. Amin.