Gofu, Mahame na Bambo la Babu

Kiswahili kina maneno mawili yanayohusu majengo yaliyokosa wenyewe, nasi wanafunzi aghalabu huyachanganya. Gofu ni kuta: jengo lililochakaa au kubomoka, likabaki fupa tupu la mawe. Mahame ni mahali: pale watu walipokuwa wakiishi au wakifanya shughuli zao, kisha wakahama. Gofu huweza kupimwa kwa utepe. Mahame hayapimiki, kwa kuwa kilichoondoka pale ni watu. Tofauti hii sikuitilia maanani hata siku moja mpaka niliporudi Mbaraki nikiwa nimechelewa.

Mbaraki ipo upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, si mbali na kivuko cha Likoni, kando ya hori inayochepuka kutoka maji ya Kilindini. Hapo pana nguzo ya mawe ya matumbawe, wazi ndani mithili ya mzinga. Msikiti wa kale uliokuwa ubavuni mwake ulijengwa katika karne ya 15 na kuachwa karne iliyofuata. Uliopo leo ni wa juzi tu. Kuhusu nguzo yenyewe wapo wasemao kuwa ni kaburi la mkuu mmoja wa Wachangamwe, na wapo wasemao kuwa ni makao ya jini. Hatua chache kutoka hapo yanaanza maghala: safu za majengo marefu yenye mapaa ya mabati na milango mipana, ambayo sisi wa Mombasa huyaita magodauni.

Babu yangu alinipeleka huko nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Alikuwa amekwisha kustaafu, lakini hakuweza kukaa wiki nzima bila kwenda kuyatazama majengo aliyoyatumikia. Tulisimama kwanza mbele ya nguzo. Chini yake palikuwa na chupa tupu za marashi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "nguzo hii haishiki dari wala boriti. Mbona haikuanguka?"

Nikajibu kuwa labda mawe yake ni magumu.

"Mawe ya Mombasa yote ni haya haya, na nyumba ngapi zimeanguka! Hii yasimama kwa kuwa watu waijia. Haja zao mimi sizikubali, na Mungu ndiye ajuaye. Lakini jengo lenye kujiwa na watu haliwi mahame."

Kisha tukaenda kwenye godauni lake. Babu aliajiriwa hapo miaka ya mwanzo ya uhuru, akiwa kuli. Magunia ya kahawa yalikuja kwa reli kutoka bara, yakashushwa kwa mikono na kulabu, yakapimwa mbele ya karani wa mizani, yakapangwa hadi kukaribia mabati, kisha yakatolewa tena kwenda gatini. "Tuliyatukua kwa vitwa," alisema kwa Kimvita chake, akinionyesha namna kata ilivyokaa kichwani. Alinieleza pia kwamba vibarua waliitwa hivyo kwa sababu ya ile barua ndogo, karatasi iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na asiyekuwa na karatasi hakuwa na ujira. Baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa wafanyakazi walioweka chini zana mnamo Januari 1947, mji wa Mombasa uliposimama kwa muda wa siku 12. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi hao, alikamatwa baadaye mwaka huo huo na kupelekwa uhamishoni.

Nami niliyasikiliza yote hayo kwa sikio moja. Nikiri hapa lile ambalo sikupata kulikiri mbele yake: niliona haya. Shuleni, wenzangu walipotaja kazi za wazee wao, nilisema kwamba babu yangu alikuwa karani. Neno kuli lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani kwetu palikuwa na kifaa kilichotundikwa ukutani karibu na kitanda cha babu: chuma chembamba, chenye ncha kali upande mmoja na kilichochimbika katikati kama mfereji. Mara nyingi nilimsikia akikitaja kwa jina la bambo. Nilidhani ni jina la utani alilolibuni mwenyewe. Siku moja nilimsahihisha, nikamwambia mbele ya wageni kuwa katika Kiswahili sanifu hakuna neno kama hilo. Babu alinitazama kitambo, akacheka, akasema, "Haya, bwana mwalimu."

Nilipoingia chuo kikuu, mhadhiri wetu alitutaka tukusanye msamiati wa kazi moja ya mwambao kutoka kwa wazee wetu. Nilikuwa na hazina chini ya paa letu wenyewe, nami nikaipuuza. Niliwaendea watu wengine, nikakusanya majina ya sehemu za jahazi, kwa kuwa niliona majahazi yana heshima ya ushairi na kwamba kazi ya magunia haina. Nilipata alama nzuri. Mwaka uliofuata babu akafariki, na mimi sikuwa nimeandika hata neno moja lake.

Miezi michache baada ya matanga nilikuwa maktabani nikipekua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, nikitafuta jambo jingine kabisa. Macho yangu yakaangukia neno bambo. Kamusi ilikieleza kifaa kile kile: chombo cha kuchomea gunia ili kutoa nafaka kidogo ya kuonja au kukagua. Nilifunga kitabu. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akionyesha kwa mkono: unachoma gunia, punje zinateleza katika mfereji hadi kiganjani, kisha unachomoa na kuusugua uzi kwa ncha ile ile mpaka tundu linazibika, gunia lisivuje. Kumbe babu hakufa kuli. Alikwisha kupanda kazi, akawa mtu wa kuaminiwa kutoa sampuli ya kahawa ambayo wanunuzi waliitegemea. Mimi niliyemdanganyia ukarani sikujua hata cheo chake cha kweli.

Likizo ilipofika nikaenda Mbaraki peke yangu. Yako maghala yanayofanya kazi mpaka leo, na malori hayakomi kupita. Lakini godauni la babu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, mabati yametoboka, na mkuyu umechipua katika ufa wa ukuta. Sababu si ngumu kuzijua. Tangu miaka ya 1970 makontena yalianza kuchukua nafasi ya magunia yaliyopakiwa moja moja, na kazi ya makuli mia ikawa ya winchi moja na watu wachache. Mwaka 2017 reli mpya ikazinduliwa, na kituo chake kikawa Miritini, nje ya kisiwa. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa reli hiyo hadi Nairobi kabla ya kutolewa. Amri hiyo ilibatilishwa mwaka 2022, ila biashara nyingi ndogo za bandarini zilikuwa zimekwisha kuumia.

Bawabu aliniuliza, "Ndugu, watafuta nini?"

Nikamwambia kuwa babu yangu alifanya kazi humo.

"Alikuwa nani humo?"

Nikajibu: "Alikuwa kuli. Kisha akawa mtu wa bambo."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno kuli bila kuinamisha uso. Bawabu hakulijua bambo ni nini, nami nikamweleza pale pale langoni, nikitumia kalamu yangu na mfuko wake wa karanga.

Wasomi wenzangu, tumelelewa katika fasihi inayojua kulilia magofu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufundisha kuyatazama majumba ya Pate yaliyoporomoka na kupata mawaidha ndani yake. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo ni mema. Lakini majumba yale yalikuwa ya mamwinyi, na ngome ilikuwa ya wafalme na askari. Je, ghala la kuli nani atalisomea hitima?

Sidai kwamba kila godauni lenye kutu ligeuzwe makavazi. Mji una haja ya ardhi, na huenda nitakaporudi nitakuta pale pamejengwa jambo lenye manufaa zaidi. Ninachodai ni kidogo, nacho kimo ndani ya uwezo wetu. Kuta zikianguka bila maneno yake kuandikwa, mahame yanakuwa mawili: moja Mbaraki, la pili katika lugha. Kamusi ilinihifadhia jina la chombo, lakini haikunihifadhia sauti ya mzee wala majina ya zamu, ya mafungu ya kazi na ya aina za magunia, ambayo aliyataja nisiyashike. Hayo yamekwenda naye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma kurasa hizi, usingoje kazi ya mhadhiri. Iwapo nyumbani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha mkonge, cha sukari au cha pamba, katika karakana ya reli au gatini, kaa naye na daftari. Muulize kila kitu kiliitwaje. Na akikutajia neno usilolijua, usimsahihishe.

Bambo sasa limetundikwa chumbani mwangu. Chini yake nimebandika karatasi yenye jina lake, maana yake, na jina la aliyelitumia.