Anayejibu ni Nani?

Kama umepata kufika Makina katika Kibera, wajua kwamba nyumba nyingi za huko hazitafutwi kwa namba. Mgeni huelekezwa kwa msikiti, kwa soko, au kwa jina la mzee wa nyumba, na akifika hupiga hodi. Majibu yaweza kuwa ya namna tatu. Aweza kukaribishwa. Aweza kuambiwa na mwenyeji kwamba leo hapaingiliki. Aweza pia kusimama mlangoni asisikie sauti yoyote, asijue kama nyumba ni tupu, au mwenyeji amelala, au yeye mwenyewe amepotea. Mimi ni mwalimu niliyefunzwa chuoni, na umri wangu umepita miaka thelathini, lakini thamani ya kutofautisha majibu hayo nilikuja kuijua mwaka 2024, tena kwa aibu.

Shule ninayofundisha ina chumba chenye kompyuta 14. Kazi za wanafunzi hatuzihifadhi humo, maana umeme wa mtaa hukatika, na mashine kuukuu hufa bila ya kuaga. Tunazihifadhi katika kompyuta ya kukodi iliyo mbali, katika kile kinachoitwa wingu. Jina hilo lisikudanganye. Wingu ni majumba yaliyojaa mashine, na letu liko Cape Town, ambako kampuni ya Amazon ilifungua majumba yake mwaka 2020. Mji huo una haki yake katika habari hii, kwa sababu huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta za namna hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilianza kutengenezwa na mafundi waliokaa papo hapo Cape Town. Wengi hudhani kila kitu cha aina hii hutoka ng'ambo.

Kompyuta tunayoikodi haishikiki kwa mkono. Mashine moja kubwa hugawanywa kwa programu ikawa kompyuta nyingi za dhahania, kila moja ikijiona ya pekee, kama vile nyumba moja ya Makina inavyokuwa na vyumba vingi chini ya bati moja, kila mpangaji na kufuli lake. Hila hii si ngeni. IBM waliitoa kwa wateja wao kwa jina la VM/370 tangu mwaka 1972. Lakini katika wingu hata mtandao wenyewe ni wa dhahania. Njia, milango na mabawabu wote ni maandishi matupu. Waya uliokatika utauona kwa macho; tarakimu moja iliyokosewa haitoi moshi wala harufu.

Katika muhula wa pili ruta ya shule iliungua. Nilinunua nyingine iliyokwisha tumika, nikaipanga mwenyewe siku ya Ijumaa jioni, nikainakili ndani yake ile njia ya faragha inayotuunganisha na wingu, ambayo mafundi huiita handaki. Jumatatu hapana kompyuta hata moja iliyoweza kuifikia seva yetu. Ndani yake mlikuwa na kazi za mradi wa somo la kompyuta za Kidato cha Nne, ambazo huhesabiwa katika mtihani wa taifa, na zilitakiwa Ijumaa.

Kwanza niliilaumu bahari. Tarehe 12 Mei mwaka huo nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika. Lakini magazeti yalifunguka upesi, kwa hivyo bahari haikuwa na hatia. Nikauangalia ubao wa wingu: seva ilikuwa macho, na anwani yake, 10.0.1.20, ilikuwa mahali pake. Nikawashuku mabawabu, nikabadili amri zao. Nikabadili na njia. Nikabadili mambo matatu kwa saa moja, hata Jumanne sikujua tena ni lipi nililikuta na ni lipi nililileta. Usiku, nyumbani, niliijaribu kwa simu yangu, ambayo ina handaki lake yenyewe. Seva ikafunguka mara moja.

Basi nikakata shauri kwamba mharibifu yumo chumbani. Jumamosi nilikuwa nimemwachia ufunguo kijana mmoja wa Kidato cha Tatu ili afagie na kufunika mashine. Alipenda sana kompyuta, na kwangu mapenzi hayo yakawa ushahidi. Nilimfukuza chumbani mbele ya wenzake. Alisema, "Mwalimu, sikugusa kitu." Sikumjibu.

Alhamisi alikuja nyanya yake, mama mzee wa Kinubi, wa kizazi cha wale ambao jina la mtaa huu bado hulitamka Kibra, yaani msitu. Hakugomba. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani kwangu, kisha akasema, "Mwalimu, ulimwona akiharibu?"

Sikuwa nimemwona. Kwa kiburi kuliko kwa haki, nilimwita kijana aingie na nyanya yake, ili niwaonyeshe kwamba uharibifu upo. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaipigia seva hodi. Jibu likaja kwa Kiingereza, lile lile nililolitazama kwa siku nne: jibu kutoka 10.0.1.14, mahali uendako hapafikiki. Kijana aliusogelea uso wa mashine.

"Mwalimu," akasema, "anayejibu ni nani?"

Nilitazama kibandiko kilicho juu ya kompyuta. Ile 10.0.1.14 ilikuwa ni kompyuta yenyewe tuliyoikalia. Hodi yetu haikupata kutoka chumbani.

Hapa sharti nikueleze. Anwani zinazoanza kwa 10, zile za 192.168, na fungu jingine linaloanzia 172.16 zilitengwa katika miaka ya 1990 ili kila mtu azitumie ndani ya nyumba yake bila ya kuomba ruhusa. Kwa sababu hiyo mamilioni ya nyumba zina anwani zinazofanana, wala haidhuru, mpaka siku mbili kati yake zinapounganishwa. Nilipoipanga ruta mpya nilikipa chumba chetu anwani za 10.0.1, kwa kuwa mkono wangu ulizizoea kutoka katika wingu. Tangu hapo kila kompyuta iliyotaka 10.0.1.20 ilidhani inamtafuta jirani. Ukiambiwa umpelekee barua Hajjat wa nyuma ya msikiti, nawe una Hajjat wa nyuma ya msikiti wa mtaa wako, hutapanda gari kwenda Mombasa. Utamgongea wa karibu. Wetu wa karibu hakuwapo, na kompyuta ikatuletea habari hiyo kwa uaminifu.

Nilikihamishia chumba kwenye 192.168.50, kwa kuwa 192.168.1 imejaa katika ruta za majumbani, na anwani za wingu ni kazi kubwa kuzihamisha. Tukapiga hodi tena. Safari hii palikuwa kimya tu. Nyanya aliuliza kama tumeharibu zaidi, lakini kijana na mimi tulifurahi, maana kimya hicho kilitoka mbali. Hodi yetu sasa ilikuwa imetoka chumbani. Wingu halikumjua mpiga hodi wala njia ya kumrudishia jibu, kwa kuwa vitabu vya wingu viliijua shule kwa anwani za ruta iliyoungua. Niliandika anwani mpya kwa bawabu, nikajaribu, bado kimya. Nikaiandika katika orodha ya njia, moja baada ya moja, na seva ikaitika.

Nilimwomba kijana radhi hapo hapo mbele ya nyanya yake, na asubuhi yake mbele ya darasa, kwa sababu darasa ndilo lililoshuhudia nikimfukuza. Kazi za Kidato cha Nne zilitoka kabla ya adhuhuri. Jumamosi nilimpa ufunguo tena. Aliupokea kwa mikono miwili, lakini kwanza aliomba daftari la kuandika kila anayeingia, saa aliyoingia, na alichobadili. Jina la kwanza katika daftari hilo ni langu.