Tembo, Kifaru na Namba ya Siri

Watu wengi wakisikia kwamba ninasoma sayansi ya kompyuta na usanifu, hudhani kwamba nilivutwa na mashine yenyewe. Hudhani labda nyumbani kwetu palikuwa na kompyuta, au labda nina kaka aliyetangulia kusoma mambo hayo. Ukweli si huo. Mimi nimekulia katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika nchi ya mawe makubwa, alizeti na mtama, na mpaka nilipofika kidato cha nne sikuwa nimegusa kompyuta hata siku moja. Aliyenifikisha huku ni bibi yangu, mama mzaa mama, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika.

Bibi alikuwa mtoto mwaka 1970, ule mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baadaye, alipokwisha kuolewa, naye aliandikishwa katika darasa la jioni chini ya mti. Lakini saa ya darasa ndiyo ilikuwa saa ya kwenda kuteka maji, na kisima kilikuwa mbali. Alihudhuria siku chache, kisha maji yakamshinda darasa. Ilipofika mwaka 1986, nchi yetu ilikuwa ikisifiwa duniani kwa kuwa karibu watu wazima 90 katika kila 100 walijua kusoma. Hesabu hiyo ni ya kujivunia kweli kweli. Ila mimi kila ninapoisikia, namkumbuka bibi, kwa sababu yeye alibaki miongoni mwa wale kumi.

Msomaji usije ukadhani kwamba kutojua kusoma ni kutojua hesabu. Bibi ni msusi wa vikapu, kama walivyo wanawake wengi wa Kinyaturu wa rika lake. Kikapu chake huanzia katikati, kitakoni, kwa duara dogo la nyasi lililofungwa kwa ukili, kisha huzunguka na kupanda. Akitaka kuweka ua lenye ncha nane, lazima ajue tangu mizunguko ya mwanzo ni mishono mingapi ya rangi iingie, na kila mzunguko unapopanuka aongeze mingapi. Akikosea katika mzunguko wa tatu, kosa halionekani hapo. Huonekana kwenye mzunguko wa thelathini, ua linapokataa kufunga. Haya yote huyafanya kichwani, bila karatasi, huku akizungumza na wageni. Miaka mingi baadaye, mhadhiri alipotufundisha kwamba programu ni mpangilio wa hatua zinazorudiwa kwa kanuni moja mpaka sharti fulani litimie, nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kuiona kazi hiyo ikifanyika kwa nyasi.

Bibi anajua pia fedha zake. Kwenye noti ya shilingi 10,000 yupo tembo, kwenye ya 5,000 yupo kifaru, kwenye ya 2,000 yupo simba, na kwenye ya 1,000 yupo Mwalimu mwenyewe. Humpotezi bibi kwa noti. Akiuza kikapu gulioni, utamsikia akisema, “Huyu ni kifaru, na simba mmoja, nibakizie Mwalimu.” Yule aliyesanifu noti zetu, awe alilikusudia hilo au hakulikusudia, alimtengenezea bibi yangu kitu anachoweza kukitumia mwenyewe bila kumwomba mtu msaada.

Kisha zikaja fedha za simu. Kenya walianza na M-Pesa mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania. Hakuna atakayekana kwamba zimetuokoa. Zamani mjomba wangu aliyeko Dar es Salaam akitaka kumtumia mama yake fedha, ilimbidi ampe kondakta wa basi au amsubiri mtu anayekwenda nyumbani. Leo huzituma akiwa amekaa. Lakini ndani ya simu hakuna tembo wala kifaru. Kuna orodha ya maneno, mstari chini ya mstari, na mwisho wa yote kuna namba ya siri. Mtu asiyejua kusoma atafanyaje? Atampa simu mtu anayejua, na atamtajia namba yake ya siri. Siri hiyo itakuwa imekufa siku hiyo hiyo ya kwanza.

Mwezi Julai 2021 nilichaguliwa kwenda kidato cha tano, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Fomu ya kujiunga ilidai godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, sare na michango mingine. Mjomba alituma shilingi 150,000 kwa bibi, kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa na laini ya fedha. Alimpigia na kumwambia kwa mdomo, “Mama, nimetuma laki moja na nusu, za mtoto.” Bibi akaenda kijiji cha pili kwa wakala. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa pale kibarazani akamsaidia kubonyeza, akaulizwa namba ya siri, akaitaja. Akakabidhiwa fedha, akarudi nyumbani kwa miguu, akazitandaza mkekani mbele ya mama yangu.

“Waliahidiwa tembo kumi na watano,” akasema. “Wamefika sita.”

Tulirudi pale, mama na mimi. Kijana alikuwa hayupo, ujumbe ndani ya simu ulikuwa umefutwa, na shilingi 90,000 zilikuwa zimehamia kwenye namba ambayo haikupatikana tena. Jioni ile nyumba ilijaa watu, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Wengi walisema neno moja kwa namna mbalimbali: kwamba huo ndio ubaya wa kutosoma. Bibi alikuwa amekaa pembeni, amejifunika kanga, hajibu. Nilimtazama nikaona aibu usoni mwake, mwanamke ambaye hesabu zake zilikuwa sahihi kabisa mpaka tembo wa mwisho.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo sijaachana nalo. Kwa nini aibu iwe ya bibi? Noti ilimtambua, simu haikumtambua. Vyote viwili vimetengenezwa na binadamu. Kwa hakika aliyeibiwa hakuwa mjinga. Chombo ndicho kilichotengenezwa kana kwamba watu kama yeye hawako duniani.

Kufika shuleni hakukuwa rahisi. Baba yangu alikwisha kufariki, na baba mkubwa alishauri, kwa nia njema, nisiende kabisa. Alisema mchepuo ule ni wa wavulana, na kwamba kozi ya ualimu au uuguzi ingeniletea mshahara mapema. Siwezi kumlaumu, alikuwa akitazama ghala, na ghala lilikuwa na nafasi kubwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, “Shemeji, mtoto amechaguliwa na Serikali kwa alama zake. Mimi nitauza alizeti.” Akauza magunia ambayo alikuwa ameyaweka kungojea bei ipande. Niliripoti shuleni nikiwa nimechelewa siku tisa, na godoro jembamba.

Kompyuta niliigusa kwa mara ya kwanza nilipomaliza kidato cha sita mwaka 2023. Wakati wa kungojea matokeo, nilipata kibarua katika duka la vifaa vya kuandikia mjini Singida, karibu na stendi. Nilichapa barua za maombi ya kazi, mihutasari ya vikao na mikataba ya kupangisha vyumba. Lakini kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa kadi za michango ya harusi. Mteja huja na maneno mengi, na kadi ni ndogo. Lazima uamue kipi kiwe kikubwa na kipi kiwe kidogo; tarehe ikae wapi; namba ya simu ya mweka hazina isomwe hata na mzee mwenye macho hafifu. Nikagundua kwamba kupamba si usanifu. Usanifu ni kumfikiria mtu ambaye hayupo mbele yako, atakayekishika kitu chako peke yake, bila wewe kuwapo kumweleza.

Mwaka huo huo nilipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na kwa mkopo wa Serikali nikaanza masomo. Huko ndiko nilikojifunza kwamba swali la bibi lina historia ndefu. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya miaka michache mifumo ile ya hesabu ilileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye kidogo kidogo. Wenzangu darasani huicheka habari hii kama kichekesho cha wazee. Mimi siicheki. Naiona ni ushahidi kwamba mashine iliyoletwa ikiwa imekwisha kukatwa na kushonwa kwa mwili wa mtu mwingine, inaweza kumbana anayevishwa mpaka akaitupa.

Tatizo hili wala si la kwetu peke yetu, na halikwisha mwaka 1974. Mwaka 2018 wanawake wawili Weusi waliokuwa wakifanya utafiti Marekani, Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walizipima programu tatu za makampuni makubwa zinazotazama picha ya uso na kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, programu hizo hazikukosea hata mara moja katika kila 100. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu iliyokuwa mbaya zaidi ilikosea zaidi ya mara 34 katika kila 100. Sababu mojawapo ni kwamba picha za kufundishia na kupimia programu za namna hiyo zilikuwa zimejaa watu weupe, na wanaume kuliko wanawake. Niliposoma utafiti ule niliweka kitabu chini. Nilimwona bibi kibarazani kwa wakala, na niliwaona akina mama wa Marekani ambao hawajawahi kusikia jina la Ikungi, wote wamesimama mbele ya chombo kisichowatambua. Na aliyeligundua kosa ni yule ambaye uso wake ndio uliokosewa. Ndiyo maana husema kwamba msichana Mweusi anapokwenda kusoma fani hii, haendi kuomba nafasi ya hisani. Anakwenda na ujuzi ambao wenye mashine hawana.

Katika likizo moja nilichora kwenye karatasi ngumu sura za simu ya kubuni: badala ya orodha ya maneno, picha za tembo, kifaru, simba na Mwalimu, badala ya maandishi ya kuthibitisha, sauti inayotamka kiasi kwa Kiswahili. Nilikwenda nayo gulioni, nikawaomba wanawake wanaouza vitunguu na kuku waijaribu kwa kidole, kana kwamba ni simu ya kweli. Picha walizielewa mara moja. Hapakuwa na haja ya kueleza. Ilipofika sehemu ya sauti, mama mmoja muuza kuku alinishika mkono.

“Mwanangu,” akasema, “simu ikitangaza fedha zangu hapa gulioni, na mwizi naye si atasikia?”

Wenzake wakaitikia kwa kicheko, kisha wakaanza kujadiliana. Mmoja alitaka simu itetemeke mara nyingi kadiri ya idadi ya tembo. Mwingine alisema sauti itoke tu pale mtu anapoweka simu sikioni. Wa tatu aliuliza kama namba ya siri inaweza kuwa picha nne zilizopangwa kwa mpango anaoujua mwenyewe, kama mtu anavyoujua mpangilio wa rangi za kikapu chake. Walijadiliana karibu saa nzima, kuku wamefungwa miguu pembeni, na mimi nikiandika kwa haraka mpaka wino ukaanza kufifia. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba hajui mambo ya kompyuta.

Bado mimi ni mwanafunzi. Kazi ile ni karatasi tu. Haijaingia katika simu ya mtu yeyote, na njia ya kutoka karatasini mpaka kwenye mitambo ya makampuni ya simu ni ndefu, ina sheria, gharama na watu wa kushawishi. Yawezekana nitakapofika, vyombo vitakuwa vimekwisha kubadilika, na kazi itaanza upya. Lakini yale majadiliano ninayo kwenye daftari, na ninaporudi bwenini usiku na mtihani wa hisabati unanisumbua, huwa nayafungua nisome. Nimeanza na lile la namba ya siri ya picha nne. Ukiwa na picha kumi za kuchagua, na kila picha ikiruhusiwa kurudiwa, mipango inayowezekana ni 10,000, sawasawa na ile ya namba nne za tarakimu. Hesabu imekubali. Kilichobaki ni kuijenga.