Sarafu, mpira na kamera

Najua wengi hufika hapa kutafuta mambo ya programu na intaneti, lakini leo ni gofu. Vumilieni kidogo, kompyuta zitafika.

Wenzangu kadhaa kazini hapa Nairobi hucheza gofu, na kila wiki hurudi na ubishi wa sheria. Basi nikaanza kuwaandikia kijiprogramu cha simu: unajibu ndiyo au hapana, nacho kinakuambia adhabu yako. Sehemu iliyonitoa jasho ni ya grini, yaani zile nyasi fupi kabisa zenye shimo.

Hapo unaruhusiwa kuuokota mpira wako, uufute au umpishe mwenzako. Kwanza weka alama, kwa kawaida sarafu nyuma ya mpira. Ukiokota bila alama, unaongezewa mkwaju 1. Ukiuchezea mahali pasipo pake, mikwaju 2.

Halafu kuna upepo. Ukiusogeza mpira ambao hujauokota bado, unacheza pale ulipotua. Lakini tangu 2019, kama ulikwisha kuuokota na kuurudisha, lazima uurudishe tena, hata kama upepo umeutumbukiza shimoni! Kwa mtu wa programu hiyo ni rahisi: unaweka kigezo kimoja, "umeshaokotwa?", na kazi imekwisha.

Swali gumu ni hili: "mahali pake" ni wapi hasa? Mkono wa mtu si rula.

Jumamosi, 1 Aprili 2017, huko California, Mmarekani Lexi Thompson aliurudisha mpira takriban inchi 1 kutoka ulipokuwa. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake mtazamaji wa televisheni akatuma barua pepe. Lexi alikuwa akiongoza raundi ya mwisho alipoambiwa ameongezewa mikwaju 4: 2 ya kucheza mahali pasipo pake, na 2 ya kutia sahihi kadi yenye hesabu isiyo sawa. Alishindwa na So Yeon Ryu wa Korea Kusini katika mchujo wa ziada.

Mtazamaji hakusema uongo. Lakini kamera humfuata anayeongoza. Aliye nafasi ya 60 hakuna anayemkuzia picha. Ukipima wachache kwa darubini na wengine kwa macho, hujapata usahihi, umepata upendeleo.

Mwezi huohuo R&A na USGA, wanaotunga sheria hizi, walisema ikiwa mchezaji amekadiria kwa uangalifu unaostahili, video isitumike kumwadhibu kwa kosa lisiloonekana kwa macho. Tangu 2018 hawapokei tena ripoti za watazamaji.

Kwa hiyo kijiprogramu changu hakina sehemu ya kujaza milimita. Kinauliza tu: "Ulifanya kila uwezalo kuurudisha palepale?" Mwenzangu mmoja anasema hapo nimewafungulia mlango waongo. Mimi naona anayetaka kudanganya angedanganya hata kwenye milimita. Wewe unaonaje?