Ruaha Wakati wa Kiangazi

Atakayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha aende kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, na akishafika asihangaike kumsaka simba. Akae mtoni. Majira hayo nyika imekauka, na kila chenye roho hakina budi kuyafuata maji. Simba naye atakuja tu.

Kutoka Iringa mjini ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, sehemu kubwa vumbi tupu, hadi langoni, ukipitia kijiji cha Tungamalenga. Ukifika daraja la Ibuguziwa, mwombe dereva asimame kidogo: chini yako ni Mto Ruaha Mkuu, viboko wakipiga mbizi na mamba wakiota jua kwenye mchanga.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Pori la Akiba la Usangu lilipounganishwa nayo mwaka 2008 ikazidi kilomita za mraba 20,000, na leo nchini inapitwa na Hifadhi ya Nyerere pekee. Hata hivyo magari ni machache, na kwangu hiyo ndiyo neema yake kuu. Miombo ya kusini inakutana hapa na migunga ya kaskazini, ndiyo maana utawakuta tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, na mwenye bahati ataona palahala.

Lakini nenda Mwagusi ukawaone tembo. Mwagusi kiangazi ni mto wa mchanga, hauna hata tone juu yake. Tembo jike anasimama katikati, ananusa, anaukwangua mchanga kwa mguu wa mbele kama mama anayepalilia shamba, kisha anauchota kwa mkonga. Shimo linazidi kwenda chini. Maji yanaanza kuchuruzika, naye anasubiri yajae ndipo anywe. Ndama wanasukumana kando yake wakitaka zamu. Wakishaondoka, wanyama wadogo wanakuja kunywa katika kisima ambacho wasingeweza kukichimba. Kuna watu wanaopita hapo mbio wakitafuta chui; mimi ningezima injini na kubaki asubuhi nzima.

Nauombea Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, yakibaki madimbwi ambamo viboko husongamana. Maji yake hupitia bonde la Usangu, na huko ndiko yanakochepushwa kumwagilia mpunga. Wali wa Mbarali, huko huko Usangu, tunaousifu mezani unakunywa mto uleule anaouhitaji tembo. Wakulima wanastahili maji. Na Ruaha inastahili yake.

Kwa malazi, mabanda ya hifadhi pale Msembe yanatosha kabisa, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Chukua sweta la alfajiri, na usivae buluu wala nyeusi, maana mbung'o huzipenda rangi hizo. Saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari garini.